Mkunazi wa Singida: Jani la Biharusi, Jani la Maiti



Siku chache kabla ya harusi moja ya hapa kwetu Unguja, tulialikwa kumsaidia somo kumtayarisha mwari. Liwa ilikuwa imeshasagwa, singo iko tayari kwenye kombe, asumini zimetungwa na hina imelowekwa. Bibi yake biharusi, mzaa mama, alikuwa ameingia siku ile ile kutoka Singida, kwa basi kisha kwa boti, na mkononi ameshika kifuko cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili tu: kunazi zilizokaushwa, na majani makavu ya mkunazi. Majani akampa somo, akamwambia, "Haya ni ya nywele za mjukuu wangu."

Somo akayatwanga, akayachekecha, akayatia maji ya vuguvugu na kuyapiga kwa mkono mpaka yakatoa povu. Biharusi alipouliza ni kitu gani, akaambiwa ni mkunazi, alinyanyuka pale pale mkekani.

"Bibi, si majani ya maiti haya? Ndiyo mliyotwanga alipofariki babu. Mimi naolewa, sifi!"

Hakuna aliyecheka. Wengi wetu pale chumbani tulikuwa na fikra hiyo hiyo, ila hatukuwahi kuitamka. Mkunazi tumeujua siku za msiba, pamoja na karafuu maiti na sanda. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu yako tulimtwangia mkunazi kwa sababu tulimpenda, na tulitaka aende kwa Mola wake msafi. Na wewe ninakutwangia kwa sababu hiyo hiyo."

Biharusi alikaa tena, lakini hakukubali siku ile, na bibi hakumlazimisha. Sisi tulirudi nyumbani na swali lake. Jani hili limetoka wapi, limepita mikononi mwa nani, na vipi sisi wa visiwani tumelibakisha makaburini peke yake? Makala haya ndiyo tuliyoyakusanya, tukianzia kule alikotoka bibi.

Mti wenyewe

Singida tunaijua kwa mafuta ya alizeti, kwa asali na kwa kuku wa kienyeji. Ni mkoa wa katikati ya Tanzania, nchi ya majabali makubwa na ya maziwa ya maji ya chumvi, kama Singidani lililo pembeni mwa mji. Ukawa mkoa unaojitegemea mwaka 1963, ulipogawanywa uliokuwa Jimbo la Kati. Wenyeji wake ni Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wataturu, na upande wa Manyoni wako Wagogo. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Disemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Baada ya hapo ni jua na upepo miezi sita au saba.

Katika nchi ya namna hiyo mti wa matunda lazima uwe mvumilivu, na mkunazi ni mvumilivu. Mara nyingi ni kichaka chenye matawi yanayoinama, na ukiachwa bila kuliwa na mbuzi huwa mti wa wastani wenye kivuli. Mzizi wake mkuu huchimba chini sana kutafuta maji. Penye kila jani pana miiba miwili midogo, na aliyewahi kuchuma kunazi anaijua: mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama ndoana. Wa kwanza unakuchoma unapoingiza mkono, wa pili unakushika unapoutoa.

Wataalamu wa mimea wanatambua aina nyingi za jamaa hii. Tatu zinatuhusu. Ya kwanza ni Ziziphus mauritiana, mkunazi wenye majani yaliyo meupe kwa chini kama yamepakwa unga, na tunda lake huiva rangi ya manjano hadi kahawia, tamu lenye ukali kidogo. Ya pili ni Ziziphus mucronata, mkunazi pori, mwenyeji kabisa wa Afrika. Jani lake linang'aa, upande mmoja mpana kuliko wa pili, na kunazi zake ni ndogo, nyekundu za kahawia, zenye unga kuliko utamu. Huu huota kwenye vichuguu na kandokando ya mito. Ya tatu ni Ziziphus spina-christi, sidri ya Uarabuni, ambayo ndugu zetu wa Oman wanaipanda majumbani na kuyatumia majani yake kuoshea nywele. Ni ndugu wa mama mmoja, na majani yao yote yana kile kinachotoa povu yakitwangwa na kutiwa maji. Wataalamu wanakiita saponini. Ni sabuni aliyoiumba Mwenyezi Mungu kabla ya viwanda.

Mkunazi katika dini yetu

Katika Qur'ani Tukufu mkunazi umetajwa kwenye sura tatu. Katika Surat Sabaa umo miongoni mwa mimea michache iliyobaki kwa watu wa Sabaa baada ya mafuriko kuondoa mabustani yao, kwa kuwa hawakushukuru. Katika Surat An-Najm unatajwa Mkunazi wa mwisho, Sidratul Muntaha, aliofikishwa Mtume wetu (s.a.w.) usiku wa Miraji. Na katika Surat Al-Waaqia, watu wa kuliani wameahidiwa mikunazi isiyokuwa na miiba. Angalia mpangilio huo, dada yetu: mti ule ule ni masalio ya nchi iliyokauka, ni mpaka wa mbingu, na ni neema ya Peponi iliyoondolewa miiba.

Tukija kwenye hadithi, tunaikuta sidri pahala patatu, na ndipo lilipo jibu la biharusi wetu.

Pahala pa kwanza ni msiba. Ummu Atiyya (r.a.), mwanamke wa Kiansari, ametupokelea jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowaelekeza wanawake waliokuwa wakimwosha binti yake aliyefariki. Waoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na sidri, na mara ya mwisho watie kafuri. Katika mapokezi ya Imamu Muslim binti huyo ni Zaynab (r.a.). Nywele zake wakazisuka misuko mitatu. Hapa ndipo tulipoupatia mkunazi wa msiba, na ni sawa.

Lakini pahala pa pili ni uhai. Asmaa (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) namna ya kuoga baada ya hedhi. Akaelekezwa achukue maji yake na sidri, ajisafishe vizuri, ajimwagie kichwani na kusugua mpaka kwenye mashina ya nywele, kisha ajimwagie maji, halafu atumie kitambaa chenye miski. Bibi Aisha (r.a.) akawasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Na pahala pa tatu ni mwanzo mpya. Qays bin Asim, mkuu wa Bani Tamim, aliposilimu aliamrishwa aoge kwa maji na sidri.

Basi tujiulize. Mwanamke anayemaliza hedhi, mtu anayeingia katika Uislamu, na maiti anayekwenda kwa Mola wake: wote watatu wanavuka kutoka hali moja kwenda nyengine, na wote wanaoshwa kwa jani moja. Biharusi naye anavuka. Hatusemi kuwa kuosha nywele kwa mkunazi siku ya harusi ni ibada maalumu, wala hatutaki mtu azue jambo katika dini. Tunasema tu kwamba aliyelifanya jani hili kuwa la maiti peke yake amesoma hadithi moja akaziacha mbili.

Mgunda Mkali

Sasa turudi Singida, na turudi nyuma karne moja na nusu na zaidi.

Kabla ya reli, aliyetoka pwani kwenda Unyanyembe, Tabora ya leo, alitembea. Njia ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, kisha ikaingia nyika iliyoogopwa na wapagazi wote. Wao wenyewe waliiita Mgunda Mkali. Ni eneo ambalo sehemu kubwa yake leo imo upande wa Manyoni na Itigi. Maji yalikuwa haba, vijiji vichache, vichaka vimefungamana. Vichaka hivyo vya Itigi mpaka leo vinajulikana kwa wataalamu wa misitu, kwani havina mfano sehemu nyingi duniani. Richard Burton na John Speke, Waingereza waliokuwa wakitafuta maziwa makuu, waliipita nyika hiyo mwaka 1857 na kuingia Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, tunayemwita Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, naye alipita njia za huko katika safari zake za pembe.

Vitabu vya wasafiri hao vimejaa habari za wanaume. Lakini misafara ilikuwa na wanawake. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao, waliobeba vyungu, unga na watoto, na ndio waliopika kila kambi ilipotua. Mtu anayetembea katika nyika ya jua anajua thamani ya mti wenye kivuli na tunda linaloliwa bila ya kupikwa. Kunazi ikikauka hukaa muda mrefu bila ya kuharibika, na kokwa yake ni ngumu, humezwa na mnyama au hutupwa njiani na bado ikaota. Ndivyo mti huu unavyosafiri: katika matumbo ya mbuzi na ndege, na mifukoni mwa watu.

Kwa njia hiyo hiyo ya misafara Uislamu uliingia nchi ya kati. Haukuja kwa jeshi. Ulikuja kwa wafanyabiashara waliotua, wakaoa, wakafundisha watoto wao Qur'ani. Kisha ikaja reli ya kati. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, ikakatiza Manyoni na Itigi, ikaingia Tabora 1912 na Kigoma 1914. Penye stesheni palikuwa na duka, na karibu na duka pakaja msikiti na chuo. Wanawake wa huko waliosilimu, au walioolewa na Waislamu, hawakuhitaji kuagiza sidri kutoka Uarabuni ili kutekeleza waliyofundishwa. Mkunazi ulikuwa umesimama pembeni mwa shamba.

Mwisho wa njia

Na njia hiyo iliishia wapi? Kwetu. Na hapa, dada zetu, hatuna budi kusema kweli hata ikiuma.

Kila siku tunapita Mkunazini, pale Mji Mkongwe. Jina la mtaa linatuambia kwamba palikuwa na mkunazi. Pale pale ndipo lilipokuwa soko la watumwa, mpaka lilipofungwa kwa mkataba aliotia saini Sayyid Barghash mwezi wa Juni 1873. Katika kiwanja hicho likajengwa kanisa la Waanglikana lililopo mpaka leo. Wengi waliouzwa pale waliletwa kupitia Kilwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na wengine walishushwa njia ya Bagamoyo kutoka bara ya kati. Miongoni mwao walikuwa wanawake na wasichana wa umri wa biharusi wetu. Waliogeshwa na kupakwa mafuta ili wapate bei.

Tunalitaja hili kwa sababu tunapozungumzia uzuri wa mwanamke wa visiwani, singo, udi na marashi, tunapenda kuanzia Uarabuni na Uhindi peke yake. Tunasahau wale waliokuja kwa miguu kutoka bara. Wengine wao wakawa mama zetu na bibi zetu, walezi na masomo katika majumba, wakaleta ujuzi wao wa majani na mizizi. Bibi aliyekuja na kifuko chake kutoka Singida juzi hakutuletea kitu kigeni. Alikirudisha kitu katika nyumba ambayo watu wa kwao walishaijenga.

Miaka ya njaa

Kule bara nako mti huu una kumbukumbu yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipopigwa katika Afrika Mashariki, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, yote mawili, yalichukua nafaka na ng'ombe wa watu wa nchi ya kati, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo wanaiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza, ameeleza kuwa huenda watu 30,000 walikufa kati ya watu kama 150,000 wa Ugogo.

Nyumba isiyokuwa na nafaka wala mwanamme hubaki mikononi mwa mwanamke. Yeye ndiye anayejua kichaka gani kina tunda, mzizi gani ukichemshwa mara mbili hauumizi, jani gani ni mboga. Ujuzi huu haukuandikwa. Ulipita kwa mama na binti wakienda kuchanja kuni. Mkunazi pori, ambao tunda lake siku za neema watoto hulitema, ni katika miti inayowapa watu wa nyika chakula ghala zinapokuwa tupu. Usidharau tunda kwa kuwa ni la porini, biharusi wetu. Lipo tunda lililomlea bibi yako.

Tunda na jani: matumizi

Kunazi mbichi huliwa ikishaiva, rangi ya manjano au kahawia. Huku visiwani wapo wanaoitia chumvi na pilipili. Ina vitamini C kwa wingi, na ikikaushwa ina utamu wa kutosha kumfaa aliyefunga, akifuturu kwa maji na tende chache. Kule Sahel, wanawake wa Niger na jirani zao husaga nyama ya kunazi kavu wakapata unga, wakauchanganya na maji na kutengeneza vikate. Unaweza pia kuichemsha kwa sukari kidogo, ukaichuja na kupata jemu nzuri, mradi uondoe kokwa zote.

Kwa dawa, watu wa sehemu nyingi za Afrika hutwanga majani na kuyabandika juu ya majipu na vidonda vidogo, na maji ya magome hutumiwa kwa tumbo la kuhara. Hayo ndiyo waliyoyafanya wazee, nasi tunayaeleza kama historia. Kidonda kisichopona, mtoto anayeharisha, au homa, ni vya kupelekwa hospitali bila kungoja. Na ukiwa mjamzito, au unatumia dawa za sukari, usinywe mchemsho wa jani wala gome kabla ya kumuuliza daktari.

Kwa nywele, alivyotufundisha bibi wa Singida ni hivi:

Chuma majani machanga lakini yaliyokomaa, asubuhi. Yaoshe, uyaanike kivulini siku nne au tano. Ukiyaanika juani yanapauka. Yatwange, uyachekeche kwa kitambaa chepesi. Chukua vijiko vinne au vitano vya unga, tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, piga kwa mkono mpaka utoe povu. Paka kwenye ngozi ya kichwa na nywele zilizolowa, acha kama dakika kumi na tano, kisha suuza kwa maji mengi. Ukisuuza vibaya unga unabaki kama vumbi la mba. Malizia kwa mafuta ya nazi kidogo, maana mkunazi unaondoa mafuta sawasawa. Na kabla ya siku ya harusi jaribu kwanza nyuma ya sikio, ungoje siku moja. Ngozi inayowasha si ya kutia singo.

Kwa josho la hedhi, mafundisho ni yale ya hadithi ya Asmaa: sidri ni ya kusafishia, na baada yake unajimwagia maji. Usipokuwa na mkunazi, sabuni yako inatosha, wanazuoni wameshalieleza hilo, wala usijitie dhiki. Mwenye suala zaidi amuulize mwalimu wake.

Kuupanda

Hapa tuna neno la kuwaambia wenzetu. Leo maduka yetu yanauza unga wa sidri kwenye pakiti kutoka nje, na wengine wanauuza kwa bei kubwa kwa kudai unatoa kila husda na kila jini. Asali ya sidri ya Doani, Hadharamaut, nayo ina bei ambayo wengi wetu tunaisikia tu. Hatuna ugomvi na riziki ya mtu. Lakini mti upo katika nchi yetu, unaota penye mchanga na jua, na nyuki wa Singida wanalijua ua lake kama wanavyolijua nyuki wa Doani.

Ukipata kunazi iliyoiva, kula nyama yake, osha kokwa, ianike. Ndani ya kokwa moja mara nyingi mna mbegu mbili. Ama uiloweke kokwa nzima siku moja au mbili, ama uigonge taratibu kwa jiwe mpaka ipasuke bila kuumiza mbegu. Ya pili huota mapema zaidi. Panda katika mfuko mrefu, si mfupi, kwa kuwa mzizi unakimbilia chini, na ukijikunja mche hautapata nguvu. Mvua za mwanzo zikianza, uhamishie ardhini kabla mzizi haujatoboa mfuko. Uwekee uzio wa miiba miaka miwili ya mwanzo, mbuzi wanaupenda. Baada ya hapo wenyewe utajilinda, na ukipanda mingi kwa mstari utapata uzio hai wa shamba.

Kunazi huzaa kwenye matawi mapya. Kwa hiyo matunda yakishakwisha, pogoa matawi ya zamani, na majani ya kukausha utayapata hapo hapo. Ukitaka tunda kubwa, mche wa kienyeji unaweza kubebeshwa chipukizi la mkunazi bora. Niger wamefanya hivyo kwa mikunazi ya asili ya India, na tunda lake wanaliita tufaha la Sahel.

Mkunazi usikatwe ovyo

Mikunazi ya nchi kavu inakatwa: kwa uzio wa ng'ombe, kwa mkaa, kwa kufungua mashamba. Si Singida peke yake, na si jambo la leo. Jirani zao wa Kondoa waliona ardhi yao ikichukuliwa na maji mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulipoanzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili miti irudi. Shinyanga nao walianza Hifadhi Ardhi yao mwaka 1986, wakaipa nguvu mpya desturi ya wazee ya ngitili, ya kuacha kipande cha malisho kipumzike. Mahali pote pawili funzo ni moja: mti wa asili ukipewa nafasi, unarudi.

Katika Sunan ya Abu Daud imo hadithi yenye onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi. Wanazuoni wameijadili nguvu yake, na Abu Daud mwenyewe aliieleza maana: ni mkunazi ulioko jangwani, unaowapa kivuli msafiri na wanyama, akaja mtu akaukata kwa dhulma bila ya haki. Tuliposoma maelezo hayo tulikumbuka Mgunda Mkali, na wale wanawake wenye vyungu vichwani wakitafuta pa kupumzika. Kivuli kile kilikuwa haki yao. Na kivuli cha leo ni haki ya watakaokuja.

Tumalizie kwa biharusi wetu. Siku ya pili yake alimwita bibi chumbani, akamuuliza babu alikuwa mtu wa namna gani. Wakakaa muda mrefu. Mchana akatoka na bakuli mwenyewe, akamwambia somo, "Nioshe." Nywele zilipokauka zilikuwa nyepesi na laini, na harufu yake ya majani ilikuwa bado ipo chini ya udi usiku wa harusi. Kokwa za zile kunazi za bibi hazikutupwa. Tano zimo katika mifuko nyuma ya nyumba, na mbili zimeshatoa majani.

Basi dada yetu, kama kwenu kuna mkunazi, muulize mama yako nani aliupanda. Kama haupo, panda. Siku moja utatwangiwa binti yako majani yake, na siku moja utatwangiwa wewe. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe harusi zenye baraka, mwisho mwema, na kivuli cha mikunazi isiyokuwa na miiba. Aamin.